Mama Mdogo Akae Aya Gani

Baba mkubwa alifariki katika ile miezi ya baridi ambayo ukungu wa Endarasha hauinuki hadi karibu adhuhuri, na mtu akisimama mlangoni haoni choo cha nyumba yake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu karibuni tu. Kazi sikuwa nayo. Nilikuwa na digrii, koti moja, na tabia ya kuogopa mambo kabla hayajatokea.

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Kwa hiyo wazee walipokaa kupanga mazishi, wakafikia suala la nani ataandika historia ya marehemu, hakuna aliyeuliza. Wote walinigeukia, kisha wakaendelea na habari za gari la kubebea maiti.

Huenda mtu ambaye hakulelewa kwetu akadhani historia ya marehemu ni pambo la mazishi. Sivyo. Husomwa kaburini baada ya sala na kabla ya udongo, umati wote umenyamaza. Inasema mtu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alioa nani, aliacha watoto gani. Na kilichosomwa hapo hakipotei. Ugomvi wa shamba ukija, wazee huuliza kwanza: kaburini tulisikia nini? Atakayekuwa ametajwa ana pa kusimama. Asiyetajwa ataanza kujieleza yeye ni nani.

Na kwetu kulikuwa na mtu ambaye angeweza kuachwa. Baba mkubwa alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa aliolewa kabla ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Mama mdogo aliolewa baada ya uhuru, baba mkubwa alipokuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa mjini Nyeri, akibeba nyanya na mchele kutoka Kagio na Kutus. Mama mdogo alikuwa akiuza maharagwe pale Kagio. Shamba la Endarasha lilikuwa limeandikwa kwa jina la baba mkubwa peke yake, lakini wanawake hao wawili ndio waliolilima, kila mmoja upande wake wa mfereji. Watoto wa mama mdogo walikuwa bado wadogo. Watoto wa mama mkubwa walikuwa watu wazima, na wa kwanza wao, niliyekuwa nikimwita kaka, alifanya kazi ya ofisi mjini Nyeri. Yeye ndiye aliyesimamia mazishi. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba mama mdogo si mke. Alimwita tu “yule mama wa Kagio”, kama mtu anayemtaja abiria.

Ilikubaliwa historia iandikwe kwa Kiswahili. Tajiri wa lori angekuja, na madereva waliofanya kazi na marehemu walikuwa watu wa kila kabila. D.O., yaani mkuu wa tarafa yetu, alikuwa Mkamba. Mzee mmoja wa kanisa angetafsiri kwa Kikuyu, sentensi kwa sentensi. Kaka aliniambia, “Andika kitu cha kueleweka. Sio ile lugha yenu ya chuo.”

Chuoni mhadhiri mmoja alikuwa ametufundisha kuandika insha kwa ukali wa mtu anayefundisha kuendesha gari. Aya moja, jambo moja, alisema. Sentensi ya kwanza ilitangaze jambo hilo, na zinazofuata zilitumikie, isiyolitumikia itoke. Aya zifuatane kwa sababu, hata msomaji akikuuliza kwa nini hii imetangulia ile, uwe na jibu. Na kabla ya kuandika neno la kwanza, jiulize unataka msomaji aondoke na nini.

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Nilijifungia ghalani, nikakaa juu ya gunia la viazi na daftari magotini, nikajiuliza nataka watu waondoke na nini. Jibu nililijua. Nilitaka waondoke wakijua kwamba mama mdogo alikuwa mke na kwamba watoto wake walikuwa na kwao. Nilipolijua hivyo, nikaogopa kuliandika.

Aya ya kuzaliwa ilikuja bila taabu. Aya ya kazi nayo, na miaka aliyokaa kizuizini. Baada ya hapo kalamu ilikwama. Nikimpa kila mke aya yake, ya mama mdogo ingeonekana kama habari za mtu mwingine zilizoingia kwa makosa. Nikimtaja kwenye aya ya kazi, kwa kuwa walikutana kazini, angekuwa sawa na kreti la nyanya. Nikiwataja watoto wote pamoja kwa umri, kaka angesema nimewachanganya makusudi. Nikahamia kwenye maneno ya kuunganishia. “Pia alioa.” Hilo “pia” lilimfanya mama mdogo nyongeza. “Baadaye alioa.” Hilo “baadaye” lilisikika kama ya kwanza ilikuwa imekwisha. “Vilevile” ilikuwa “pia” iliyovaa kanzu. Neno moja dogo lilinila mchana mzima, na nje nilisikia watu wakipasua kuni na kupanga mabenchi.

Mama mdogo aliingia kuchukua viazi vya waombolezaji. Alipiga magoti, akaanza kujaza karai, akitupa vilivyooza kando.

“Unaandika ile ya kusomwa?”

“Ndiyo, mama.”

Alijaza karai hadi nusu. “Mimi utaniweka wapi?”

“Bado napanga, mama.”

“Sisemi uniweke juu. Wa juu ni mama yako mkubwa, hiyo niliijua siku niliyofika hapa. Nauliza tu kama niko.”

“Uko,” nilimwambia.

Alijitwika karai, akatoka. Sasa nilikuwa nimeahidi.

Niliandika aya moja. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba marehemu alikuwa na familia kubwa iliyoishi katika boma moja. Ikafuata sentensi ya mke wa kwanza na watoto wake, kisha ya mke wa pili na watoto wake, kisha moja iliyosema walilima shamba hilo hilo na kuchota maji kisima hicho hicho. Hapakuwa na “pia”. Sentensi ya kwanza ilikuwa imewakaribisha wote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kubishiwa hodi. Nilijua ni aya nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze nilitulia.

Jioni kaka alifika kutoka Nyeri. Alisoma akiwa amesimama jikoni kwa mama mkubwa, tai bado shingoni. Alipofika kwenye aya ile alitoa kalamu, akazungushia mstari.

“Hii ya yule mama wa Kagio toa hapa. Ipeleke mwisho, pale kwa jamaa na marafiki.”

Nilipaswa kusema kwamba yule ni mke wa baba yake. Nilichosema ni hiki: “Kaka, ukiikata haitashikana.”

“Haitashikana na nini?”

“Sentensi ya kwanza inasema familia ya boma moja. Ukimtoa, inaahidi kitu ambacho aya haitoi. Na kule mwisho ni aya ya wageni. Hawezi kukaa kwa aya ya wageni na alikuwa anaishi hapa.”

“Ati aya,” kaka alisema. “Miaka yote hiyo kumbe ulikuwa unasomea aya.”

Mama mkubwa alikuwa akichochea moto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini neno hilo alilisikia, akainua kichwa. “Hawa?” aliuliza kwa Kikuyu. “Hawa akina nani?”

Maana kwa Kikuyu chetu, aya ni hawa: watu walio karibu nawe, unaoweza kuwanyooshea mkono. Kaka alicheka, akamweleza kwamba ni neno la kitabu, ni kipande cha maandishi. Yeye hakucheka.

“Nilidhani mnaongea juu ya watu.”

“Ni kama watu, mama,” nilisema, na papo hapo nikahisi nimesema kupita kiasi.

Kaka aliitazama karatasi tena. Nilimwona akipima. “Sawa,” alisema hatimaye. “Akae hapo hapo, usije ukalia. Lakini sio mke wa kwanza, mke wa pili, kama unahesabu ng'ombe. Andika nyumba kubwa na nyumba ndogo. Ndivyo tunasema kwetu.”

Na kweli ndivyo tulivyosema. Kwa Kikuyu kila mke ana nyumba yake, na ya aliyekuja nyuma huitwa ndogo bila mtu kuudhika. Nilibadilisha maneno upesi kabla hajabadilisha nia. Kesho yake aliipeleka mjini ikapigwa taipu, nakala moja yangu, moja ya mtafsiri, moja ya D.O. na moja yake.

Siku ya mazishi madereva walifika mapema, wakapewa chai, wakakaa kwenye benchi karibu na nguzo niliyokuwa nimeegemea nikirudia kusoma. Hawakunijua.

“Na yule mrefu yuko wapi? Si tulisema tutoke Nyeri pamoja?”

“Huyo amepitia Karatina kwanza.”

“Karatina kuna nini?”

“Si kuna nyumba ndogo.”

Walicheka kwa ndani, vikombe vimefunika midomo, kama watu wanavyocheka matangani.

“Bibi yake akijua tutarudi kuzika mwingine.”

“Bibi anajua, bwana. Yule wa Karatina ndiye hajui kuna bibi.”

Niliacha kusoma. Maana ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia Nairobi mara nyingi, nyumba ndogo ni hawara, ni chumba cha kupangiwa ambacho mtu hupitia akienda kwake. Niliiandikaje nisiisikie? Kwa sababu kaka aliitamka kwa Kiswahili, na sote wawili tulikuwa tukiwaza kwa Kikuyu. Maneno ni yale yale. Kwa Kikuyu ilikuwa nyumba yenye moto na mama. Kwa Kiswahili cha benchi lile ilikuwa chumba cha Karatina. Nami ningesimama mbele ya D.O., mbele ya tajiri, mbele ya madereva hawa hawa na vikombe vyao, nitangaze kwamba mama mdogo alikuwa hivyo, na watoto wake wamekaa pale wakisikiliza.

Kisha likaja wazo baya zaidi. Kaka alishinda ofisini mjini akisema Kiswahili kutwa. Je, hakujua?

Nilimkuta kando ya gari la maiti akiwaelekeza wabebaji. “Kaka, kuna neno moja.”

“Saa hii?”

“Kwenye historia. Nyumba ndogo. Kwa Kiswahili iko na maana ingine.”

Alinitazama. Nimeurudia mtazamo ule akilini mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, na haujawahi kunipa jibu. “Imeshapigwa taipu,” alisema. “D.O. anayo mkononi. Soma vile iko, msomi. Usituanzishie mambo leo.”

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kumpa mtu mwingine asome, nikaona huyo angesoma neno lile bila hata kusita. Nikatafuta maneno ya badala, “mwenzake”, “mama wa Kagio”, “boma la chini”, na kila moja lilikuwa na tundu ambalo mtu mwenye nia angeweza kupitia. Lililokuwa zima ni lile nililoandika mwanzoni. Wakati huo jeneza lilikuwa limeshafika kaburini na watu wameanza kuimba.

Mtafsiri alisimama kulia kwangu, mzee wa kanisa mwenye sikio moja zito, kidole chake juu ya nakala yake. Nilisoma kuzaliwa, akatafsiri. Nilisoma kazi, na tajiri wa lori, aliyekuwa amevaa sweta juu ya sweta, akatikisa kichwa kukubali. Nilisoma kizuizini, wazee wakaguna. Kisha familia kubwa ya boma moja. Kisha nyumba kubwa, mama mkubwa, watoto wake.

Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma ya mama mkubwa, mtoto wa mwisho mapajani, macho chini. Nilifungua mdomo nikiwa sijui nitasema lipi.

“Alioa mke wa pili kutoka Kagio.”

Sauti ilitoka ndogo. Mzee wa kanisa alisogeza kidole juu ya karatasi yake, akakirudisha, hakuona. Akanigeuzia sikio lake zuri.

“Rudia hapo, kijana. Umesoma nini?”

Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kutafsiri sawasawa. Lakini watu waliokuwa wakitazama udongo sasa walinitazama mimi. Kaka aliinua kichwa. Nilifikiri, sasa naweza bado kurudi nyuma; naweza kusema samahani, nimeruka mstari. Hata maneno ya samahani yalikuwa tayari.

“Nimesema mke wa pili,” nilisema, na safari hii ilisikika hadi kwenye ua. “Alioa mke wa pili kutoka Kagio.”

Mzee alitazama nakala yake, akanitazama mimi, akaikunja nakala. Kisha akageukia watu na kuisema sentensi hiyo kwa Kikuyu, kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo ya ndoa. Yaliyobaki sikumbuki. Niliambiwa baadaye kwamba jamaa na marafiki niliwasoma mbio hata mtafsiri akaachwa nyuma.

Wakati wa udongo aliitwa “mke wa marehemu”, mmoja. Mama mkubwa alikwenda, akatupa udongo wake. Kwa kawaida mtu akitupa huzunguka na kuondoka ili mwingine apite. Yeye alisimama pale pale ukingoni, mkono wazi. Kaka, aliyekuwa nyuma yake, alipiga hatua, akasita.

“Mama, songa kidogo.”

“Nangoja mwenzangu,” alisema.

Mzee aliyekuwa akiita watu alikohoa, akaita tena: “Wake wa marehemu.” Mama mdogo alimpa jirani mtoto, akainuka.

Baada ya chakula kaka alinikuta nyuma ya ghala. “Hukusoma kilichoandikwa.”

“Ndiyo, kaka.”

“Basi ujue karatasi ni ile ile. Watu watarudi makwao, watasahau. Karatasi itabaki.”

Nililala na kuamka na maneno hayo hadi viazi vilipochimbwa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani limekuja kuniita. Nilijiandalia maelezo kwa mpangilio, hoja ya kwanza, ya pili, nikayapinga mwenyewe, nikayapanga upya. Familia na wazee walipoitwa ofisini kwa D.O. kuhusu shamba, nilikwenda na shati lililolowa jasho mgongoni, na kulikuwa na baridi.

Hawakunihitaji sana. Kaka aliiweka karatasi mezani. D.O. aliisoma, akauliza kama hiyo ndiyo iliyosomwa. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa kanisa alisimama nyuma.

“Mimi ndiye nilitafsiri, bwana D.O. Hilo neno la nyumba ndogo halikusomwa. Alisema mke wa pili. Mimi nilimrudisha, akasema tena. Watu wote wako hapa, waulize.”

D.O. aliwauliza wazee. Wakasema walisikia. Alimuuliza mama mkubwa, naye akasema jambo moja kwa Kikuyu, kwamba yeye na huyu wamelima kwenye mfereji mmoja, kwa hiyo kama huyu hayumo, yeye naye asiandikwe. Karani aliwaandika wote wawili, na watoto wa kila mmoja chini ya mama yao.

Tulipotoka kaka alitembea kando yangu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

“Ningejua lile neno lina maana hiyo,” alisema, “unafikiri ningekuambia uliandike?”

Nilitaka sana kumwamini. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuigeuza ile sentensi. Hakusema hakujua. Alisema ningejua, kisha akaniachia mimi swali. Mtu asiyejua angesema sikujua, ni neno moja, ni rahisi. Au labda mtu aliyeumizwa huongea vivyo hivyo, kwa kuuliza, na mimi ndiye niliyekuwa nikiona uchafu mahali ambapo palikuwa na ndugu yangu tu na msiba wake.

“Hapana, kaka,” nilimjibu. “Najua hukujua.”

“Sawa,” alisema.

Tukateremka hadi barabarani. Mbele yetu mama zetu wawili walikuwa wakitembea polepole, mmoja amembebea mwenzake mtoto. Shamba lilikuwa limekwisha kuandikwa, na mimi bado nilikuwa naogopa.